Jinsi ya Kulinganisha Makwotabeki wa Vyuo Kabla ya Drafti ya NFL: Mwongozo Kamili

Mwaka 2017 timu ya Chicago Bears iliipa San Francisco 49ers nafasi kadhaa za uteuzi ili ipande ngazi moja tu, kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2, imchukue kwotabeki Mitchell Trubisky wa chuo cha North Carolina. Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 chuoni. Kwotabeki mwingine, Patrick Mahomes wa Texas Tech, alisubiri mpaka nafasi ya 10, akaenda Kansas City Chiefs. Mahomes akawa nyota mkubwa wa ligi, Trubisky akafifia.

Wanaofanya uamuzi wa namna hiyo hulipwa kwa kazi hiyo, wana video ambazo mimi na wewe hatuzipati, na bado hukosa. Kwa hiyo mwongozo huu hauahidi kukufanya nabii. Unakupa njia ya kutazama vijana wawili au sita, ukajua kwa nini unampendelea mmoja, na ukajua pia ni wapi hoja yako ina ufa. Shabaha yangu ni moja: ukitaka kulinganisha makwotabeki, linganisha kwanza mazingira yaliyowalea. Takwimu mbili zilizopatikana katika mazingira mawili tofauti hazisemi kitu kimoja, hata zikifanana.

Kwa aliyeingia leo kwenye futiboli ya Kimarekani: drafti ni zoezi la kila Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi kuu ya kulipwa, huchagua wachezaji kutoka vyuoni kwa raundi 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo huanza, isipokuwa imeuza zamu yake. Mchezaji anaruhusiwa kuingia miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila mchezo (yaani kila jaribio la kuusogeza mpira) unapoanza, na ndiye anayeamua aurushe kwa nani, aukabidhi kwa mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe.

Kuna sababu ya kifedha inayofanya timu zimkimbilie. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alipata mkataba wenye dola milioni 50 za uhakika kabla hajarusha pasi hata moja ya kulipwa. Mkataba wa pamoja wa 2011, kati ya ligi na chama cha wachezaji, ulipanga mishahara ya wachezaji wapya kwa nafasi waliyochaguliwa, kwa miaka minne, na timu ina hiari ya kuongeza mwaka wa tano kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza. Kwotabeki mzuri kwenye mkataba huo ni wa bei nafuu mno, na fedha zinazobaki hununua wachezaji wengine. Ndiyo maana timu huthubutu kubahatisha.

Hatua ya 1: Chagua wachache, andika vigezo kabla ya kutazama

Usianze na majina ishirini. Chukua wanne hadi sita wanaotajwa kwa ajili ya raundi mbili za kwanza. Kisha, kabla hujafungua video yoyote, andika unachokithamini na uzito wake. Mimi hugawa alama 100 hivi: usahihi wa pasi 25, uamuzi 25, utulivu chini ya presha 20, nguvu ya mkono 10, miguu 10, na mwili pamoja na afya 10. Si lazima ukubaliane nami. Lililo la lazima ni kwamba uzito uandikwe mapema, kwa sababu ukishampenda kijana utaanza kuvikuza vigezo anavyoviweza na kuvidogosha vinavyomshinda, bila hata kujijua.

Hatua ya 2: Chambua mazingira

Kwa kila kijana jibu maswali haya kwa maandishi, mstari mmoja mmoja.

Nani walikuwa wapokeaji wake? Jayden Daniels wa LSU mwaka 2023 alikuwa akimrushia Malik Nabers na Brian Thomas Jr., na wote wawili walichaguliwa raundi ya kwanza mwaka uliofuata. Michael Penix Jr. wa Washington alikuwa na Rome Odunze, aliyechaguliwa wa 9, nafasi moja tu baada ya Penix mwenyewe. Joe Burrow mwaka 2019 alikuwa na Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Hilo halimpunguzii mtu hadhi moja kwa moja. Burrow aliendelea kuwa bora huko alikokwenda. Linakuambia tu kwamba asilimia ya pasi zilizofika ina wenyewe zaidi ya mmoja.

Wazuiaji wake, yaani wanaomkinga dhidi ya walinzi, walikuwa wa namna gani? Kijana aliyekaa sekunde nne bila kuguswa katika kila mchezo hajaulizwa swali ambalo NFL itamuuliza kila Jumapili.

Mfumo wa kocha ulimdai nini? Kuna mifumo inayomtaka aangalie upande mmoja, atazame mlinzi mmoja, na arushe haraka. Kuna mingine inayomtaka asimame nyuma ya mzuiaji wa katikati, aupokee mpira mkononi, awape mgongo walinzi kwa hila ya kujifanya anaukabidhi, kisha ageuke na kusoma uwanja upya. Aliyefanya ya kwanza tu anaweza kujifunza ya pili, lakini bado hajakuonyesha. Hesabu pia zile pasi fupi zinazorushwa kando au nyuma ya mstari wa kuanzia ili mpokeaji akimbie mwenyewe. Zinapandisha asilimia ya usahihi bila kumjaribu mrushaji.

Alicheza na nani? Zach Wilson wa BYU alichaguliwa wa 2 mwaka 2021 baada ya msimu wa korona ambao ratiba ya timu yake ilivurugika, na wapinzani wengi wakawa dhaifu. Trey Lance, aliyemfuata, alitoka North Dakota State, chuo cha daraja la chini ya lile la juu. Aliwahi kuanza mechi 17, na mwaka 2020 alicheza mechi moja tu. San Francisco walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza, ikiwemo ile ya mwaka huo, ili wampate. Mwaka uliofuata, timu hiyohiyo ilimchukua Brock Purdy wa Iowa State kwa nafasi ya 262, ya mwisho kabisa, kijana aliyekuwa ameanza mechi kwa misimu minne. Purdy ndiye aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi.

Idadi ya mechi alizoanza inastahili mstari wake peke yake. Si sheria, maana Bo Nix aliingia na rekodi ya mechi 61 za kuanza na hakuwa wa kwanza kuchaguliwa. Lakini mechi 13 zinaficha mengi. Anthony Richardson wa Florida naye alikuwa na 13 alipochaguliwa wa 4 mwaka 2023, na asilimia yake ya pasi zilizofika katika msimu wake wa mwisho chuoni haikufika 54.

Hatua ya 3: Soma takwimu, lakini zile zinazosema kitu

Yadi jumla usizitazame. Anayerusha mara 550 atamshinda anayerusha mara 330, basi. Tumia yadi rekebishi kwa kila pasi: chukua yadi zote za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani, kisha gawanya kwa idadi ya pasi zilizorushwa. Caleb Williams wa USC mwaka 2023 alikuwa na yadi 3,633, tachidauni 30 na pasi 5 zilizonaswa. Hesabu ni 3,633 + 600 − 225 = 4,008. Gawanya kwa pasi 388 upate 10.3.

Hili hapa kundi la 2024 kwa msimu wao wa mwisho chuoni. Ni kundi zuri la kujifunzia kwa sababu sita walitoka ndani ya nafasi 12 za kwanza.

| Jina na chuo | Nafasi | Zilizofika (%) | Tachidauni | Zilizonaswa | Yadi rekebishi |
|---|---|---|---|---|---|
| Caleb Williams, USC | 1 | 68.6 | 30 | 5 | 10.3 |
| Jayden Daniels, LSU | 2 | 72.2 | 40 | 4 | 13.6 |
| Drake Maye, North Carolina | 3 | 63.3 | 24 | 9 | 8.7 |
| Michael Penix Jr., Washington | 8 | 65.4 | 36 | 11 | 9.2 |
| J.J. McCarthy, Michigan | 10 | 72.3 | 22 | 4 | 9.8 |
| Bo Nix, Oregon | 12 | 77.4 | 45 | 3 | 11.2 |

Tazama safu ya mwisho. Ungefuata takwimu peke yake, Daniels angekuwa wa kwanza, na hilo lisingekuwa jibu baya, maana mwaka wake wa kwanza aliifikisha Washington Commanders kwenye fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi, na akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi. Nix angekuwa wa pili. Maye angekuwa wa mwisho. Lakini New England Patriots walimchukua wa tatu, na msimu wa 2025 akawafikisha Super Bowl. Waliomwamini walitazama vitu viwili ambavyo jedwali hili halivionyeshi. Alikuwa na miaka 21, na msimu mmoja kabla, 2022, alikuwa amerusha tachidauni 38 huku pasi 7 tu zikinaswa. Kwa hiyo takwimu za msimu mmoja zisikutoshe. Weka misimu yote, na mahali palipo na mporomoko uliza kilichobadilika: kocha, wapokeaji, wazuiaji, jeraha, au yeye.

Mtego mmoja unaowanasa wengi: katika takwimu rasmi za vyuo, kwotabeki akiangushwa akiwa bado na mpira, yadi alizopoteza hukatwa kwenye mbio zake. NFL huzikata kwenye pasi za timu. Basi kijana wa chuo aliyeonekana kukimbia yadi chache huenda anakimbia vizuri sana ila aliangushwa mara nyingi. Na yule mwenye yadi rekebishi nzuri huenda anafichiwa hasara na jedwali la mbio. Tafuta idadi ya kuangushwa pamoja na yadi zilizopotea, uzihamishie kwenye pasi mwenyewe.

Ukipata takwimu zilizogawanywa kwa hali, chukua hizi kabla ya nyingine zote: jaribio la tatu (kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi 10) likiwa limebakiza yadi 7 au zaidi, pasi za zaidi ya yadi 20, na michezo isiyo na hila ya kujifanya kukabidhi. Hapo ndipo msaada wa kocha unapopungua na kijana hubaki na macho na mkono wake.

Hatua ya 4: Tazama mechi nzima, mechi nne kwa kila mmoja

Klipu za dakika tano zenye muziki ni za burudani. Kila kwotabeki aliyewahi kutajwa kwa drafti ana klipu zinazomfanya aonekane mfalme. Kwa kazi hii chagua mechi nne: aliyokutana na safu bora ya ulinzi ya msimu wake, mbaya kuliko zote alizocheza, moja ya ugenini ambayo timu yake ilitanguliwa, na moja ya kawaida ambayo hakuna anayeikumbuka. Ile mbaya ndiyo yenye mafunzo zaidi. Zima sauti ya watangazaji, kwa sababu wao hukuambia cha kuona.

Matangazo ya televisheni hayaonyeshi walinzi wa nyuma mpaka mpira uwe hewani, kwa hiyo usidai kujua kama mpokeaji mwingine alikuwa wazi. Kubali kikomo hicho, kisha andika unavyoviona. Kwa kila pasi jaza safu hizi:

- umbali: nyuma ya mstari, yadi 0 hadi 9, 10 hadi 19, 20 na kuendelea;
- presha: ndiyo au hapana;
- macho: alirusha kwa wa kwanza aliyemtazama, au alihama kwa wa pili au wa tatu;
- usahihi: mpira ulifika mahali mpokeaji angeweza kuendelea kukimbia, ulifika ila ukamsimamisha, au ulipotea;
- uamuzi: mzuri, wa kawaida, wa hatari.

Tenganisha usahihi na matokeo, usije ukachanganya. Pasi nzuri iliyoponyoka mikononi mwa mpokeaji ni pasi nzuri. Pasi mbovu aliyoiruka mpokeaji hodari akainyakua kwa mkono mmoja ni pasi mbovu. Na pasi iliyogonga mikono ya mlinzi ikaanguka chini iandike kama imenaswa, kwa sababu huko mbele itanaswa.

Usahihi una ngazi. Kuufikisha mpira ni ngazi ya chini. Kuuweka upande ambao mlinzi hayupo, kwa mwendo wa mpokeaji, asipunguze hata hatua moja, hiyo ndiyo inayozaa yadi baada ya mapokezi. Tazama sana pasi za katikati ya uwanja kati ya yadi 10 na 19. Kurusha kando mbali ni ishara ya mkono, ila katikati panataka mkono, macho na muda kwa pamoja, na panakuwa na msongamano. Kijana ambaye katika mechi nne nzima hajathubutu kurusha huko kwangu ana alama ya kuuliza kubwa kuliko aliyethubutu akanaswa mara mbili.

Halafu kuna kuwahi. Wapo wanaosubiri wamwone mpokeaji yuko wazi ndipo warushe. Chuoni inafanya kazi, maana nafasi kati ya mlinzi na mpokeaji ni pana. NFL mlango huo hufunguka na kufungwa kabla mpira haujafika. Anayerusha kabla mpokeaji hajageuza kichwa anakuonyesha kwamba anaijua njia na amemsoma mlinzi. Simamisha video wakati mpira unatoka mkononi, utazame mpokeaji yuko wapi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyonifundisha zaidi ya takwimu zote.

Hatua ya 5: Presha, na tabia ya kuangushwa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Gawanya mara alizoangushwa kwa mara alizopata presha, yaani walinzi walipomkaribia kabla hajarusha. Kama alipata presha mara 100 akaangushwa mara 25, uwiano wake ni asilimia 25. Watu wengi huwalaumu wazuiaji kwa kila kuangushwa, lakini uwiano huu kwa kiasi kikubwa ni wa kwotabeki mwenyewe, na huelekea kumfuata anapohama kutoka chuo kwenda ligi. Ikizidi 20 hivi mimi huanza kukunja uso.

Williams alikuwa mfano ulio wazi. Chuoni alipenda kuzunguka nyuma, kurudi yadi kumi, kisha kutengeneza muujiza. Miujiza hiyo ilimpa Heisman ya 2022, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Katika mwaka wake wa kwanza na Bears aliangushwa mara 68. Wazuiaji wake walikuwa dhaifu, kweli, lakini aliyetazama video zake za USC hakushangaa. Hiyo haikuwa sababu ya kumkataa. Ilikuwa sababu ya kutotarajia mwaka wa kwanza mtulivu.

Daniels naye aliangushwa kwa uwiano uliowatia watu wasiwasi, na bado mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Kigezo kimoja hakimalizi mjadala, hata hiki ninachokipenda.

Tazama mambo matatu presha inapokuja. Macho yake yanabaki juu, kwa wapokeaji, au yanashuka kuwatazama wanaomkimbilia? Akitoka kwenye poketi, yaani lile eneo analolindwa na wazuiaji, anatoka kwa sababu amelazimika au kwa mazoea? Na akiona hakuna kitu, anautupa mpira nje, au anajikuta amekumbatiwa nao?

Mechi moja inaweza kubadilisha hukumu hapa. C.J. Stroud wa Ohio State alikuwa amesemwa kwamba ni hodari akiwa ametulia tu, na kwamba hataki kukimbia. Tarehe 31 Desemba 2022, nusu fainali ya vyuo dhidi ya Georgia, mabingwa watetezi, alirusha yadi 348 na tachidauni 4, akakwepa, akakimbia, akarusha akiwa mwendoni. Timu yake ilifungwa 42 kwa 41. Carolina Panthers, waliokuwa na nafasi ya kwanza, walimchukua Bryce Young. Houston wakamchukua Stroud wa pili, naye akamaliza mwaka wake wa kwanza na yadi 4,108, tachidauni 23 na pasi 5 tu zilizonaswa.

Hatua ya 6: Mwili, umri, afya

Young alipimwa urefu wa futi 5 na inchi 10, karibu sentimita 178, mfupi sana kwa nafasi hii. Ufupi haumzuii mtu kurusha, ila humpunguzia pa kuonea katikati na humfanya ategemee zaidi kuhama. Ukubwa wa kiganja hupimwa pia, na kila mwaka huzua kelele. Burrow alipimwa inchi 9 akatania kwamba huenda astaafu. Mimi kiganja sikipi alama hata moja, isipokuwa nimeona kwenye video mpira ukimponyoka mara kwa mara.

Umri nao upe nafasi yake. Nix aliingia akiwa na miaka 24, Maye 21. Mwanamume wa miaka 23 anayewachezea vijana wa 19 anapaswa kung'ara, kwa hiyo mng'ao wake upunguze kidogo, na dosari za mdogo zivumilie kidogo. Afya ndiyo inayobeba uzito halisi, na ndiyo shabiki asiyoweza kuiona yote. Penix alikuwa amepasuka kano ya goti lilelile la kulia mara mbili alipokuwa Indiana. Atlanta Falcons walimchukua wa 8 hata hivyo. Wewe andika kila jeraha, mwaka na upande, kisha uangalie kama yanajirudia mahali pamoja.

Hatua ya 7: Msimu wa maonyesho

Kuanzia mwishoni mwa Januari mambo huwa mengi: mechi ya Senior Bowl kule Mobile, Alabama, kambi ya vipimo ya Indianapolis, kisha siku ya maonyesho katika kila chuo mwezi Machi. Senior Bowl ina maana, hasa mazoezi yake, kwa sababu kijana anakutana na wapokeaji asiowajua na walinzi wazuri. Kambi ya Indianapolis ina maana kwa timu kwa sababu ya vipimo vya hospitali na mahojiano ya faragha. Siku ya maonyesho chuoni haina maana kubwa: hakuna mlinzi, pasi zimefanyiwa mazoezi kwa wiki kadhaa, wapokeaji ni rafiki zake. Wilson alirusha pasi moja ndefu akikimbilia kushoto, Machi 2021, na video yake ikazunguka dunia nzima. New York Jets wakamchukua. Pasi kama ile mchezaji huirusha mara chache sana kwa mwaka.

Uvumi nao uweke kwenye kapu lake. Mwezi Aprili kila timu ina sababu ya kudanganya. Mwaka 2025 Shedeur Sanders alikuwa ametajwa na wengi kwa raundi ya kwanza, na akaangukia nafasi ya 144, raundi ya tano, kwa Cleveland Browns ambao walikuwa wamemchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, kwa nafasi ya 94 katika drafti hiyohiyo.

Hatua ya 8: Panga kwa ngazi

Baada ya kujumlisha alama, usiwapange 1, 2, 3 kana kwamba tofauti ya alama moja ina maana. Wagawe katika ngazi: wa kuijengea timu, wa kuanza akipata msaada, wa kusubiri na kufundishwa, wa akiba. Walio ngazi moja ni sawa, mpaka ujue wanakwenda wapi.

Kwa kila mmoja andika sentensi mbili: akifaulu atakuwa amefaulu kwa nini, na akishindwa atakuwa ameshindwa kwa nini. Ukishindwa kuandika ya pili, hujamtazama, umemshabikia.

Kundi la 2018 linafaa kwa zoezi hili. Josh Allen alitoka Wyoming na asilimia 56 ya pasi zilizofika, jambo ambalo kwa vigezo vyangu lingemshusha chini. Buffalo Bills walimchukua wa 7, wakajenga kila kitu kumzunguka, naye akawa mchezaji bora wa ligi wa msimu wa 2024. Lamar Jackson wa Louisville alikuwa na Heisman mkononi, na bado walikuwapo waliotaka ahamishwe awe mpokeaji. Baltimore Ravens walimchukua wa 32, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Josh Rosen, aliyesifiwa kwa mkono safi kuliko wote wale, alichaguliwa wa 10 na Arizona Cardinals, wakamuuza baada ya mwaka mmoja. Ukiwa na mfumo wa alama, pitia kundi hilo na uone ungewaweka wapi. Mfumo utakaompata Allen utakuletea pia Richardson. Hakuna namna ya kumchota mmoja bila kuwa tayari kumlipia mwingine.

Hatua ya 9: Ongeza timu

Hukumu haijakamilika mpaka ujue nani amemchukua. Mahomes alikaa benchi karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith. Jordan Love alikaa miaka mitatu Green Bay nyuma ya Aaron Rodgers. Sam Darnold, wa 3 mwaka 2018, alionekana ameisha baada ya Jets na Panthers, kisha Minnesota wakampa kocha na wapokeaji, akashinda mechi 14 msimu wa 2024, na msimu uliofuata akatwaa Super Bowl na Seattle Seahawks, akimfunga Maye. Kwa hiyo uliza: kocha mkuu ana miaka mingapi ya usalama kazini? Mwitaji wa michezo, yaani kocha anayechagua mchezo utakaochezwa, ameshawahi kumlea kwotabeki? Wazuiaji wapo? Kuna mkongwe wa kumwachia aanze?

Kijana wa ngazi ya pili kwenye nyumba iliyopangwa mpe nafasi sawa na wa ngazi ya kwanza anayekwenda kwenye timu inayobadilisha kocha kila baada ya miaka miwili.

Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hiyo ni Ijumaa saa tisa usiku. Kigali na Bujumbura ni saa nane. Jedwali lako liwe limefungwa kabla ya hapo, lenye tarehe, usije ukalirekebisha asubuhi. Timu ikipanda ngazi kumfuata kwotabeki, andika ilichotoa, maana bei hiyo ndiyo maoni yake halisi, kuliko maneno ya meneja mbele ya maikrofoni. Kisha liache jedwali mpaka mwisho wa msimu wao wa pili. Msimu wa kwanza mara nyingi unampima kocha na wazuiaji kuliko kijana, na McCarthy, ambaye goti lilimtoa nje ya 2024 yote kabla msimu haujaanza, hakuwa hata na msimu wa kwanza wa kupimwa.